Leo Sauti Imefika Beni

Jumatatu, 2 Septemba 2002

Mvua imeanza kweli. Nimenunua daftari hili sokoni kwa sababu lile la redio ni la kazi, na mambo ya mtu binafsi hayapaswi kuingia humo.

Redio yetu inaitwa Radio Kilima. Ina vyumba viwili kilimani juu ya mji wa Butembo, paneli sita za jua, betri nane za malori, na mtambo mmoja ambao fundi wetu Ananie aliuunganisha kwa vipande vya mitambo iliyokufa. Mimi ni msomaji wa komunike, matangazo ya watu wanaotafutana, kwa Kiswahili, kila siku saa sita na nusu mchana, isipokuwa Jumapili. Kabla ya hapo nilifundisha darasa la tano miaka kumi na tisa. Watu bado wananiita Mwalimu, hata wale niliowachapa.

Anga likiwa wazi, betri zinashiba na sauti yetu inafika mji wa Beni. Mawingu yakikaa, inaishia Maboya, katikati ya njia. Ananie ana rafiki Beni mwenye fonia, redio ya kuongea, anamjulisha kila siku kama tumesikika. Nitaandika hapa tumefika wapi, kama wengine wanavyoandika walichokula.

Leo: Maboya.

Jumanne, 3 Septemba

Maboya.

Ijumaa, 6 Septemba

Maboya. Asubuhi jeep ya askari ilipita barabara ya chini, na mkurugenzi wetu, Benoît, akasimamisha muziki mpaka mlio wake ulipopotea. Benoît ni mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma huku kama agronome, bwana shamba, vita vikafunga njia nyuma yake, akabaki. Anaogopa kila kitu chenye magurudumu manne. Nilimwuliza kama askari wamekatazwa kusikiliza rumba. Hakucheka.

Jumanne, 10 Septemba

Beni! Jua la siku nzima. Nilisoma komunike kumi na nne, zote kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe niliuweka mimi, na nauandika hapa nisije nikafa nao. Kwanza jina la anayetafuta na kijiji alikotoka. Pili jina la anayetafutwa. Tatu habari yenyewe. Mwisho, shukrani kwa mwenyeji, kwa jina lake na mtaa wake. Wakimbizi wengi sasa wanalala kwa watu, na kwetu mtu akikulaza unamshukuru mbele za watu. Komunike isiyo na shukrani ni kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Kila moja inasomwa siku tatu, si mbili, si nne. Na tukikosea, sahihisho linasomwa saa ile ile, kwa sauti ile ile, siku tatu vilevile. Katika miaka minne sijawahi kusoma sahihisho. Najivunia hilo na sioni sababu ya kulificha.

Jumamosi, 14 Septemba

Maboya. Ananie kalala juu ya betri zake kama kuku anayeatamia. Mtu mvivu sana.

Alhamisi, 19 Septemba

Asubuhi alikuja mwanamke wa Eringeti, jina lake Orpa, na watoto watatu, mdogo akiwa mgongoni. Walikimbia vita mwezi wa nane. Anamtafuta mume wake, Mathe. Watu kama kumi walikuwa kwenye mstari nyuma yake.

"Andika tu: Orpa eko Butembo, batoto bote beko bazima," alisema.

"Munalala kwa nani?"

"Ile hapana lazima, Mwalimu."

"Ni lazima. Kuko mutu anakulaza, anakupa chakula, na wewe hutaki kumushukuru?"

Wale wa nyuma walicheka kidogo. Orpa akaangalia chini. Nilingoja na kalamu juu ya daftari, kama nilivyokuwa nikimngojea mtoto aliyesahau jedwali la saba.

"Kwa Kambere Salomon," akasema mwisho. "Seremala. Kule Mususa."

Niliandika. Nikamwambia sasa ni komunike ya mtu mwenye malezi. Alisema asante na akatoka haraka.

Maboya.

Ijumaa, 20 Septemba

Beni. Anga halina hata wingu moja. Nimesoma ya Orpa ikiwa ya tatu katika orodha, pamoja na shukrani: "kwa Kambere Salomon, seremala, mtaa wa Mususa, aliyempokea pamoja na watoto." Ilitoka vizuri.

Jioni mwanafunzi wa yule seremala alileta ujumbe: "Mukubwa anasema hapana soma tena jina yake." Nimewajua watu wa namna hiyo, wanaokataa kusifiwa ili wasifiwe mara mbili. Nilimjibu kwamba komunike inasomwa mara tatu na haikatwi kipande.

Jumamosi, 21 Septemba

Beni.

Jumatatu, 23 Septemba

Beni tena. Ya Orpa imesomwa mara ya tatu, nimepiga mstari chini yake.

Jumamosi, 28 Septemba

Maboya, lakini haidhuru. Orpa alikuja na kikapu cha maparachichi na nilimtambua kwa shida, kwa sababu alikuwa anacheka. Mathe amefika. Alikuwa amejificha Beni kwa mfyatua matofali mmoja, akasikia jina la mke wake kwenye redio ya jirani, na juzi akaja kwa miguu, akipita mashambani.

"Alisikia jina ya Baba Salomon, njo akajua kwenye atapiga hodi," Orpa alisema.

Nilimtazama Benoît ili aone kazi ya shukrani ni nini. Nilifurahi. Naandika wazi: nilifurahi siku nzima, na usiku nikala maparachichi mawili.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Maboya. Nimepatwa na kikohozi.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo kila jambo kwa mfuatano wake.

Saa tatu asubuhi aliingia mwanamke mnene, mwenye kitenge cha kijani, amelowa mpaka mifupani. Hakusalimu. Alisema, "Mwalimu Virginie njo nani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi ni Élise, bibi ya Salomon. Basoda bamemubeba bwana yangu."

Walikuja na jeep saa kumi na mbili. Walimkuta Salomon kwenye karakana yake akipiga randa mlango. Wakamwuliza, infirmier Mathe yuko wapi. Akasema hamjui. Wakasema, "Redio ilisema analaza familia yake." Akasema hajalaza mtu. Wakampiga kwa ubao wake mwenyewe na kuondoka naye kwenda Beni. Mathe na Orpa walikuwa kilimani tangu alfajiri, kwenye shamba la Salomon, wakipanda maharage.

Nilimwuliza Élise askari wanamtafutia nini muuguzi. Aliyejibu ni Orpa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila mimi kumwona.

"Mwezi wa saba balimubeba na nguvu, aende kushona majeruhi yabo huko mbele. Akatoroka. Sasa banasema ni déserteur. Bakimupata banamumaliza."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya batu, Mwalimu."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini askari wakangoja wiki mbili. Benoît anadhani kuna mtu Beni aliyesikia, akaiweka moyoni, halafu akaipeleka panapohusika. Anga lilikuwa safi siku zote tatu. Tulifika Beni siku zote tatu. Ile siku ya kwanza niliandika kwamba ilitoka vizuri.

Mathe, aliyekuwa amekuja na Orpa, alitaka kwenda Beni kujisalimisha. Élise ndiye aliyemkataza, hapo hapo kwenye baraza yetu, huku maji yakimtiririka: "Bakikuona batakuua, na wangu hatarudi pia. Beba batoto yako, uende." Nimeishi miaka hamsini na moja na sijawahi kumsikia mtu akisema jambo kubwa kama hilo kwa sauti ya kumtuma mtu sokoni.

Saa sita na nusu nilisoma komunike tisa. Maboya.

Jumatano, 9 Oktoba

Mathe, Orpa na watoto wameondoka alfajiri, chini ya turubai la lori la kahawa. Saa nane dereva alituma habari: wamepita Kasindi, wako ng'ambo, Uganda. Salomon bado yuko Beni.

Maboya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Habari ya Salomon imezunguka mji. Leo komunike sita zimekuja, na hakuna hata moja inayotaja mwenyeji. Nilimwuliza mzee mmoja analala kwa nani, akarudi nyuma hatua mbili kama nimeshika fimbo. Mbaya zaidi ni kwamba wenyeji wengine wameanza kuwatoa wageni. Nimehesabu familia nne kwenye baraza ya shule, na mvua inaingia kwa upande. Mama mmoja alikuwa anakausha nguo za mtoto kwa kuzipulizia.

Niliwasalimu. Walinijua kwa sauti, na wakanyamaza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Maboya.

Jumanne, 15 Oktoba

Maboya. Benoît anasema tukae kimya, mambo yatapoa. Nilimwambia kwamba kitu kinachopoa haraka ni maiti. Aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Nilimkosea, lakini sijaenda kumwomba radhi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Élise amerudi kutoka Beni. Askari walipokea bugali na sombe ya majani ya muhogo aliyompelekea mumewe, lakini hawakumruhusu amwone. Alimwona tu luteni anayeshika kesi. Ameketi jikoni kwangu, kitenge ni kile kile cha kijani, na amenieleza yote kwa ule utulivu wake unaonitisha.

"Salomon anakatala tu. Siku kumi anasema: sijalaza mutu. Nikamuambia Luteni: si musikie, anakatala. Luteni anasema: mama, redio ilisema mara tatu. Wewe na bwana yako muko na nguvu kuliko redio?"

Alipoondoka nilibaki na sufuria mkononi. Salomon anasema hakulaza mtu, redio inasema alilaza, na luteni anaamini redio. Basi redio ndiyo inayomfunga, si luteni. Na redio ni mimi.

Nilipanda kilimani bila mwavuli. Niliwakuta Benoît na Ananie wakinywa chai. Nikasema nataka kusoma sahihisho.

"Sahihisho ya nini?" Benoît aliuliza.

"Kwamba nilichanganya karatasi mbili. Kwamba Orpa hakulala kwa Salomon. Alilala kwangu."

"Mais, Mwalimu, ile ni bongo."

"Ni bongo," nilikubali; ulikuwa uongo kweli.

"Watakuja kukukamata."

"Watanikuta nyumbani. Najulikana."

Ananie ana kigugumizi na huwa anaachia wengine maneno. Alinyanyuka, akaenda kupangusa paneli kwa kitambaa, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Nilijiandaa kwa kila aina ya kukataa, nilikuwa na majibu matano kichwani. Lakini Benoît aliuliza swali moja tu: kama daftari la kazi linaonyesha jina la Salomon. Nikasema linaonyesha, kwa mwandiko wangu. Akasema basi sahihisho liandikwe chini yake kwa wino mwekundu, kama sheria yangu inavyotaka, na yeye atatia sahihi.

Nimeandika. Daftari la miaka minne, na mstari wake wa kwanza mwekundu ni uongo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimesoma sahihisho mara ya kwanza. "Radio Kilima inasahihisha: Orpa wa Eringeti hakupokelewa na Kambere Salomon. Alipokelewa na Kanyere Virginie, mwalimu, anayeishi nyuma ya soko la mbao. Msomaji anaomba radhi kwa Salomon na jamaa yake." Mawingu mazito. Maboya tu, kwa hiyo kwa Beni ni kama sijasema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jua lilitoka kwa saa tatu. Mara ya pili. Katikati nilikohoa, baada ya jina la Salomon, nikaendelea. Beni.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa askari mmoja kijana aliniletea convocation, barua ya kuitwa: kesho saa nne asubuhi, Beni, nije na daftari la komunike. Alikuwa na adabu. Aliniita Mwalimu.

Kesho ndiyo siku ya kusoma mara ya tatu, na sitakuwepo. Nilimwambia Ananie. Alikuna kichwa akasema, "T-t-tutaona." Nimemwachia Élise ufunguo wa nyumba. Mvua inanyesha tangu asubuhi na haina dalili ya kuchoka. Naogopa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Niko nyumbani. Naandika kwa mpangilio kabla sijaanza kusahau, au kuongeza.

Jumatatu nilifika Beni saa nne kasoro, nimelowa, daftari nimelifunga kwenye nailoni. Luteni ni kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa Équateur, shati limepigwa pasi. Mezani alikuwa na kopo la dagaa la kuwekea majivu, rula, na redio ndogo yenye ganda la ngozi. Mwandiko wake ni mzuri. Ningempa nane juu ya kumi.

"Mama, vanda," alisema. Nikaketi.

"Mwezi wa tisa ulisema ule mwanamuke analala kwa Kambere Salomon. Sasa unasema alilala kwako. Siku gani ulisema bongo?"

"Sikusema bongo. Nilichanganya karatasi. Mimi ni mutu."

"Juu ya nini ulingoja mwezi mzima?"

"Nilikuwa na haya. Miaka ine sijakosea hata mara moya."

Hilo lilikuwa kweli, na nadhani lilisikika hivyo, kwa sababu aliandika.

"Bale batu beko wapi?"

"Bameenda. Banapita Kasindi. Sasa beko Uganda."

"Na bwana yake?"

"Beko pamoya."

Alifungua daftari. Alisoma ukurasa wa Septemba, kisha ule mstari mwekundu, akaupitisha kidole. Aliniuliza sheria yetu inasemaje juu ya sahihisho. Nikamwambia: mara tatu, saa ile ile, sauti ile ile.

"Na ya tatu ni leo?"

"Njo leo."

"Na wewe uko hapa."

"Niko hapa."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akaivuta ile redio akaiwasha. "Donc tutangoja. Kama redio yenyewe inaamini hii maneno, itasema. Kama haisemi, nitajua ni bongo ya mwanamuke moya anayehurumia jirani. Na yule seremala atabaki hapa na wewe."

Redio ilitoa mvumo mtupu. Saa tano, mvumo. Kwa kawaida saa tano tunapiga muziki, na hapakuwa na muziki. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba luteni alilazimika kunyanyua sauti kumwomba mtu kahawa. Nilijua hesabu yangu vizuri: mvua hii, siku mbili bila jua, sauti isingevuka hata Maboya. Na hata ingevuka, ingekuwa sauti ya nani? Nilimfikiria Benoît chumbani mwake, mlango umefungwa, na nilikuwa nimeshamsamehe. Saa sita ilipita. Luteni alikuwa anapiga mistari kwa rula.

Saa sita na nusu ule mvumo ulikatika. Kisha nikasikia chuma kikigongwa mara tatu. Ni ringi ya gurudumu ambayo Ananie anaigonga kutangaza saa. Na baada yake nikasikia sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu anayesoma imla.

"Radio Kilima inasahihisha."

Ilikuwa mimi. Nilijisikia nikisema jina la Orpa, jina la Salomon, kisha nikajisikia nikikohoa, kile kikohozi cha Jumamosi, kisha jina langu na nyumba yangu nyuma ya soko la mbao. Sikujua kwamba Ananie alikuwa amenirekodi. Luteni aliinua macho kutoka kwenye redio akaniangalia mdomoni.

"Ile ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wewe ni nani?"

"Ni mimi vilevile. Redio iko na kaseti, Luteni."

Alitaka kusema neno, lakini redio haikuwa imemaliza. Alikuja Benoît, moja kwa moja, bila kaseti, pumzi zinamkatika. Alisema kwamba sahihisho hili limesomwa kwa amri ya mkurugenzi. Akataja jina lake lote, na la baba yake. Akasema anaishi nyumba ya pili nyuma ya parokia, mlango wa bluu. Hakuna aliyemwuliza mlango wake una rangi gani. Kisha mvumo ukarudi.

Niliwaza: huyu ndiye mtu niliyemwona mwoga mwezi mzima. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa nilikuwa nimelowa tayari na yasingeonekana.

Luteni alizima redio. Halafu akasema, kama mtu anayefunga duka, kwamba seremala amesema siku kumi na tatu kitu kimoja, na sasa redio inasema kitu hicho hicho, na muuguzi yuko ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo yeye luteni haoni faida ya kulisha wafungwa. Salomon angetoka. Mimi nilimlaza mtoro, ningefagia kambi siku tatu. "Na ile sauti," akaongeza akigonga redio kwa rula, "hapana kuisikia tena. Hata siku moya. Nikiisikia, mutambo yenu nitakuja kubeba mimi mwenyewe."

Nilifagia. Uwanja ni mkubwa na una miembe inayodondosha majani kwa makusudi.

Jumanne walimtoa Salomon. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Ni mtu mfupi, mwenye mvi ndevuni, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa, vimepinda upande usio wao. Askari wa lango alimwonyesha mimi na ufagio wangu, akamwuliza, "Huyu unamujua?" Salomon aliniangalia kwa muda, vizuri.

"Simujue," akasema, akapita.

Alikuwa sahihi kusema hivyo. Iliniuma hata hivyo, na bado inaniuma.

Jana Ananie alikuja kunichukua kwa pikipiki ya rafiki yake. Njiani nilimwuliza tulifikaje Beni katika mvua ile. Alinieleza kidogo kidogo, kwa sababu ya kigugumizi na ya mashimo. Alizima kila kitu tangu Jumapili mchana, hata taa. Aliazima betri mbili kwa madereva waliokwama matopeni. "D-dakika munane, Mwalimu. Nilikuwa na d-dakika munane tu." Kisha mtambo ukafa, wakanyamaza mpaka Jumatano. Nilikumbuka nilivyoandika juu yake na betri zake. Kumbe kila siku alikuwa anazilalia ili zisipate baridi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Maboya, nadhani. Komunike sasa anasoma Ananie. Hakuna mwingine. Ya kwanza ilimchukua dakika nne.

Jumamosi, 9 Novemba

Ananie amepata njia: anazisoma kama anaimba, na kigugumizi kinapungua. Mji mzima unamcheka, na mji mzima unasikiliza. Mimi nafundisha watoto watano kusoma, barazani kwangu. Nawasahihisha kwa sauti ndogo.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Familia mbili kati ya zile nne za baraza ya shule zimepata pa kulala. Sijui kwa nani, na sikuuliza.

Ijumaa, 29 Novemba

Élise ananisalimu sokoni. Salomon simwoni. Wanasema randa haishiki tena vizuri, anajifunza kwa mkono wa kushoto. Nimefika mara mbili mpaka kona ya karakana yake na mara mbili nimerudi. Ningemwambia nini? Kwamba aliniagiza nisisome jina lake na nikalisoma mara mbili zaidi? Anajua.

Jumanne, 10 Desemba

Jua tangu asubuhi, la kwanza la kweli baada ya wiki nyingi. Watoto wangu watano walikuwa wameenda kula. Nilikaa barazani na redio mapajani, saa sita na nusu.

Ananie aligonga ringi, akaimba komunike tatu. Ya nne ilianza hivi: "Kambere Salomon, seremala, wa Mususa, anajulisha dada zake wa Manguredjipa kama amerudi kwake, na anafanya kazi. Anashukuru."

Nilingoja. Mkono wangu ulikuwa tayari hewani, kama umeshika kalamu, unangojea jina na mtaa. Ananie akavuta pumzi, akaanza ya tano.

Mwezi wa tisa mtu anayeshukuru bila kutaja jina ningemrudisha mwisho wa foleni. Leo nimezima redio nikabaki na mikono juu yake, ilikuwa bado ya moto.

Sikuhitaji kumwuliza mtu wa fonia. Anga lilikuwa wazi mpaka milima ya mpakani.

Leo: Beni.